Aliyetoka Kikao Kikiendelea

Dokta Gerald Nkungu alikuwa amesoma mpaka ng'ambo mambo ya ubongo na mishipa ya fahamu, lakini asubuhi ile alikuwa ameketi sakafuni katika mahabusu ya polisi ya Nduguti, bila mkanda wala kamba za viatu, kama mwizi wa kuku. Inspekta Asnath Msengi alimletea chai na maandazi. Aliipokea chai, hakuinywa.

"Wameniambia kesho napelekwa mahakamani," alisema.

"Ndiyo. Kesho asubuhi."

"Na mauaji hayana dhamana."

Mtu akishasomewa shtaka la mauaji anapelekwa gerezani kungoja upelelezi ukamilike, na upelelezi una desturi ya kukamilika unapotaka wenyewe. Wako walioingia humo na nywele nyeusi wakatoka na mvi. Mkuu wa upelelezi wa wilaya alikuwa amekwisha kuridhika kwamba mhalifu kapatikana. Asnath, aliyeletwa kutoka Singida mjini kuja kuongeza nguvu, ndiye aliyebaki hana amani, na muda wake wa kukosa amani ulikuwa unaishia kesho.

Yaliyojulikana yalikuwa haya. Nje kidogo ya Nduguti, wilayani Mkalama, kuna nyumba ya Mfuko wa Klara, shirika la hisani linalotoa ruzuku kwa watafiti wa ugonjwa wa kifafa. Kila mwaka madaktari wengi huomba, mmoja hupata. Mwaka huu walifika watatu wa mwisho kuja kujieleza, Gerald akiwa mmoja wao. Mchana, wajumbe walipokuwa ndani wanajadili nani apewe, mjumbe mmoja, Filipo Mtinangi wa Iguguno, alitoka nje. Hakurudi. Alikutwa nyuma ya jiko, kifudifudi juu ya lundo la maganda ya alizeti ambayo wapishi huyatumia kwa moto, pua na mdomo vimejaa maganda, amekufa. Daktari aliyeupasua mwili alisema amekosa hewa. Polisi wakaongeza la kwao, kwamba kuna mkono uliomkandamiza.

Asnath alimwomba Gerald aeleze tena alivyogombana na Filipo. Alieleza bila kujitetea sana, na hilo Asnath alilipenda. Utafiti wake ulihitaji kutoa maji ya uti wa mgongo kwa watoto wagonjwa. Filipo alikuwa amelisikia hilo, na asubuhi ya kikao akamzuia getini mbele ya watu.

"Aliniambia, maadamu yeye yu hai, mtoto wa Mkalama hatachomwa sindano ya mgongo kwa ajili ya utafiti wangu."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Gerald aliitazama ile chai. "Nikamjibu, basi tutasubiri."

Ulimi hauna mfupa. Watu wote waliokuwa getini walilisikia neno hilo, na Filipo alipokutwa amekufa wote walilikumbuka kwa pamoja. Tena Gerald hakuwa na wa kumshuhudia. Alipomaliza kujieleza mbele ya wajumbe alikwenda kuegesha gari kando ya barabara, akafunga vioo, akakaa humo peke yake kununa. Asnath alikuwa amesikia uongo wa kila rangi katika kazi yake, na aliona kwamba mtu mwenye hatia angejitungia uongo mzuri kuliko huo. Lakini hisia za inspekta si ushahidi. Alimwambia anywe chai kabla haijapoa, akaondoka.

*

Mwenyekiti wa Mfuko, Mwalimu Simeoni Kitundu, alikuwa mzee mstaafu mwenye sauti ya kufundishia darasa la watoto mia. Alimkaribisha Asnath barazani, akapokea shikamoo yake, kisha akaanza kumweleza kazi ya Mfuko kwa raha ya mtu ambaye kwa siku kadhaa hajaulizwa jambo asiloliogopa.

Maombi yakiingia, alisema, yanapelekwa kwa wasomi wa mbali wayasome bila majina, wasijue nani kaandika, ili asipendelewe mtoto wa fulani. Wanabaki watatu. Hao wanaitwa Nduguti mbele ya benchi la wazazi, yaani wakulima na wafugaji wenye mgonjwa nyumbani, na wanatakiwa waeleze utafiti wao kwa Kiswahili cha mnadani. Daktari akianza maneno ya kizungu anaambiwa akae kwanza, atafute maneno yake, arudi. Baadaye wazazi wanajifungia, wanajadili ombi moja baada ya jingine, na mwisho kila mmoja anatia punje ya alizeti kwenye kibuyu cha anayemtaka. Profesa mmoja kutoka mji mkubwa aliwahi kushindwa na punje hizo, akaondoka bila kuaga.

"Mwalimu, na mjumbe akiwa na ndugu yake kati ya waombaji?"

"Anatoka. Ombi hilo likifika, ananyoosha mkono, anasema nina maslahi hapa, anatoka nje mpaka tumalize. Hatumuulizi maslahi gani. Zamani tuliuliza, mama mmoja akaaibika mbele za watu, tukaacha."

"Marehemu alitoka wakati mnajadili ombi la nani?"

Hapo ndipo Asnath alipogundua kwamba polisi wote, na yeye mwenyewe akiwemo, walikuwa wameandika tu kwamba Filipo alitoka kikao kikiendelea. Kila mtu alidhani kamfuata Gerald. Mwalimu Simeoni alishangaa hata kuulizwa. Ombi la Gerald lilikuwa limekwisha kujadiliwa, na Filipo alikuwa ndani muda wote, amelipinga kwa nguvu zake zote. Alinyoosha mkono lilipotajwa ombi la Dokta Janeth.

"Dokta Janeth ni ndugu yake?"

"Huyo ni mwenyeji wa Kilimanjaro. Undugu utoke wapi?"

"Mlishangaa?"

"Tulishangaa, lakini sheria ni sheria. Filipo alikuwa mtu wa peke yake, Afande. Wote sisi kwenye benchi tuna mgonjwa nyumbani. Mimi nina mjukuu. Yeye hana mgonjwa, alisema anawasemea majirani, na hakuna aliyekuwa anajitolea kumzidi. Safari hii nililala naye chumba kimoja siku zote za kikao, akawa ananisimulia habari za shamba mpaka nasinzia." Mzee alifuta macho kwa kiganja bila kuficha. "Ombi la Dokta Janeth ndilo lililoshinda. Punje zote ziliingia kwenye kibuyu chake. Tulipiga makofi humo ndani, na mwenzetu alikuwa nje anakata roho."

Asnath alimwacha apumue. Kisha akauliza lililobaki: anayetoka hukaa na nani huko nje? Mwalimu akajibu kwamba hukaa na mtu asiyepiga kura, ili isije ikasemwa kwamba alitega sikio dirishani. Na asiyepiga kura ni mmoja tu, mwenye Mfuko mwenyewe, Mama Redempta.

"Siku ile alitoka naye?"

Mwalimu Simeoni alitazama pembeni. "Siku ile alisema presha ilimpanda, akaenda kulala. Mimi nilikuwa ndani. Sikuona."

*

Dokta Janeth alikuwa amepanga kwenye nyumba ya wageni karibu na ofisi mpya za wilaya. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amevaa nguo nyeusi, na ruzuku aliyoishinda haikumpa furaha yoyote inayoonekana. Asnath alimtaka aeleze utafiti wake, naye akaueleza kwa maneno machache. Alitaka kuwafuata watu wazima wenye kifafa wanaokificha, ajue kwa nini wanakunywa dawa kwa siri na kwa nini wanaziacha. Alikuwa ameanza na watu wachache waliokubali. Aliwaapia kwamba hakuna atakayejua majina yao mpaka anaingia kaburini.

"Filipo Mtinangi alikuwa ndugu yako?"

"Hapana."

"Mlikuwa na uhusiano mwingine? Naomba usikasirike, ndiyo kazi yangu."

"Sijakasirika. Hapana."

"Basi alikuwa na maslahi gani kwenye ombi lako hata akatoka nje?"

"Hilo siwezi kulijibu, Afande."

Asnath alilipima jibu hilo. Angekuwa ndugu, angesema. Angekuwa mpenzi, pale kwenye swali la pili angepandisha sauti. Daktari anayekataa kujibu bila hasira, huku machozi yanamlengalenga, ana mtu wa aina moja tu anayemlinda: mgonjwa wake. Asnath akakumbuka mambo yaliyokuwa kwenye taarifa ya kifo na yakapitiwa haraka haraka: suruali ya marehemu ilikuwa imelowa, ulimi umeumwa, na shingoni nyuma hakuna alama ya vidole hata moja. Polisi walisema mtu anayezibwa pumzi hufanya yote hayo. Kweli hufanya. Lakini na mtu wa namna nyingine pia hufanya.

"Mmoja wa watu wako wanaokunywa dawa kwa siri," Asnath aliuliza, "akizikosa siku mbili tatu, anaweza kuanguka?"

"Mtu yeyote mwenye kifafa anaweza." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, na hakuyafuta. "Sijakwambia chochote, Afande."

"Hujaniambia chochote," Asnath alikubali.

Kuna methali ambayo kila mtu angeitoa hapo, ile ya mficha maradhi. Asnath aliimeza. Ilikuwa methali ya watu walio wazima wa afya, na marehemu alikuwa na sababu zake.

*

Alirudi nyumba ya Mfuko akakaa kwenye ngazi za baraza, akafungua picha za tukio kwenye simu. Alikuwa ameziona mara nyingi. Lundo la maganda, mgongo wa shati jeupe, mkono mmoja chini ya kifua. Na pembeni, mbali kidogo na kichwa, khanga. Katika taarifa iliandikwa kwamba imeanguka kutoka kamba ya kuanikia nguo. Asnath aliikuza picha. Khanga iliyoanguka kutoka kambani hulala ovyo. Hii ilikuwa imekunjwa, ikakunjwa tena, ikawa mto mdogo nadhifu.

Aliinua macho. Ukutani pale barazani, ambapo kila mgeni huketi, palikuwa na mchoro mkubwa wa rangi. Mtu ameanguka chini, mwanamke amepiga magoti kando yake, mkono mmoja unamgeuza ubavu, mwingine unasogeza khanga iliyokunjwa chini ya kichwa chake. Chini yake maneno: Usimkimbie. Mguse. Kifafa hakiambukizi. Mama Redempta alikuwa amezunguka na somo hilo Mkalama nzima na Iramba, kanisa kwa kanisa, msikiti kwa msikiti, tangu alipomzika binti yake Klara, ambaye mwisho wa yote aliangukia motoni akiwa peke yake jikoni.

Asnath alikwenda jikoni. Mpishi, Rebeka, alikuwa anachambua maharage. Aliulizwa kama siku ile Mama aliingia jikoni kabla ya watu kupiga kelele za msiba. Akasema ndiyo, aliingia kunawa mikono.

"Alinawa vipi?"

"Alinawa sana. Na sabuni, kisha akachukua majivu akasugua, kisha sabuni tena. Nikamuuliza, Mama umeshika nini, hakunijibu. Akarudi nje. Baadaye kidogo akapita kwenda chumbani, akasema presha."

"Mbona hili hukuwaambia polisi?"

"Waliniuliza kama nimeona mwanaume mgeni. Sikuona mwanaume mgeni."

Kazi ya Asnath ilikuwa kufurahi fundo linapofunguka, na kwa kawaida hufurahi. Siku ile alitamani angekuwa amekosea.

*

Mama Redempta alikuwa chumbani kwake, kwenye kiti kilichoelekea dirisha. Aliitikia shikamoo, akamkaribisha Asnath aketi, akamuuliza habari za Singida mjini na kama mvua imefika. Asnath alijibu yote. Kisha akaweka simu mapajani mwa yule mama, ikiwa imefunguka kwenye picha ya khanga.

"Mama, hii umeikunja wewe."

Hakukataa. Aliitazama picha kwa muda, na uso wake ukalegea, ukawa wa mtu aliyetua mzigo mahali pabaya.

"Mimi ndiye niliyetoka naye," alisema. "Tulikaa kwenye vigoda kule nyuma penye kivuli, tukaongea habari za alizeti. Katikati ya neno akanyamaza. Nikamwona jicho linapanda. Nikajua. Mimi nisijue, nani ajue? Akaanguka pale kwenye maganda. Nikavua khanga, nikaikunja kama ninavyofundisha. Nikamshika bega nimgeuze. Povu likanimwagikia hapa." Alionyesha vidole vya mkono wa kulia. "Basi. Sikuwa mimi tena. Nilikuwa mtoto mbele ya bibi yangu, anaponiambia ukigusa povu la mwenye kifafa umelibeba nyumbani kwako. Nina wajukuu, nawalisha kwa mkono huu. Nikakimbia kunawa."

"Hukuita mtu?"

"Ningeita nikisema nini? Kwamba Mama wa Kifafa amemkimbia mgonjwa? Nikajipa moyo, nikasema kifafa hupita chenyewe, nikirudi nitamkuta amekaa. Nikarudi, nikakuta ametulia. Wakimaliza huwa wanalala usingizi. Nikasema amelala. Sikusogea karibu, mwanangu. Ningesogea ningejua."

Asnath alimuuliza kuhusu Klara, kwa sababu jambo hilo halikumwingia akilini. Mama aliyemlea binti mwenye kifafa, leo anaogopaje povu? Redempta alimtazama kwa mshangao.

"Klara nilimshika kila mara. Klara alikuwa wangu. Yule alikuwa mtu wa watu. Tunapofundisha, anayelala chini ni mtu mzima anayeigiza, na wanaoigiza hawatoi povu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Watu huusema msemo huo wakimfariji mzazi, na hakuna anayefikiria maana yake kwa wana wa wengine. Asnath aliuliza la mwisho, lile lililokuwa linamkera kuliko yote: vipi amemwacha Dokta Gerald aozee mahabusu kwa kosa asilolitenda? Redempta akasema kwamba kila asubuhi aliamka na nia ya kwenda kusema, na kila asubuhi alijiuliza swali moja. Watu wakisikia kwamba hata yeye alikimbia, nani tena atakayemshika mtoto wa mtu? Hakulitoa kama udhuru. Lilikuwa swali, na Asnath akafungua daftari lake.

"Andika," Redempta alisema. "Andika yote."

*

Mkuu wa upelelezi wa wilaya aliyasikiliza maelezo hayo kwa simu na hakutikisika. Alisema bibi kizee anajitwika msalaba ili aokoe Mfuko wake, maana mwaka ujao ni mfadhili gani atatoa hela kwa shirika ambalo mjumbe wake ameuawa na mwombaji? Halafu nani anashuhudia kwamba marehemu alikuwa na kifafa? Mke wake alikuwa ameandikisha kwamba mumewe hajawahi kuumwa hata kichwa. Dokta Janeth angeweza kulazimishwa na mahakama aseme, lakini hilo lilikuwa la miezi ijayo, na Gerald alikuwa wa kesho. Mkuu akasema, mke wa marehemu akibadili maelezo yake leo, faili litasimama. Asipobadili, litakwenda mahakamani.

Asnath alipofungua mlango wa gari, Redempta alikuwa amekwisha kaa kiti cha nyuma.

Iguguno, nyumbani kwa marehemu, matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka upenuni, wanaongea Kinyiramba kwa sauti ndogo, wakahamia Kiswahili walipoona gari la serikali. Ritha, mke wa Filipo, aliinuka akawapokea kwa heshima zote, akawaingiza ndani. Marietha, binti yake mkubwa, aliwaletea maji, akapiga goti, akasalimia, akatoka. Alikuwa msichana mrefu mwenye haya. Kule nje, Asnath alikuwa amekwisha kusikia mmoja wa wanawake akimtania kwamba asikonde sana kwa kilio, wakwe wasije wakamkataa Jumamosi.

"Dada," Asnath alisema, "mumeo alikuwa anaanguka."

Ritha alijibu haraka kwamba hapana. Mumewe alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa afya, muulize yeyote. Alilisema kwa ufasaha wa mtu aliyelisema miaka mingi. Asnath alimwambia kwamba kijana mmoja anakwenda gerezani kesho kwa kumuua Filipo, na kwamba hakumuua. Ritha alishika upindo wa khanga yake akaanza kuusokota. Akauliza kama ni yule daktari wa sindano. Akasema hata yeye hakumpenda. Kisha akainamisha kichwa.

"Wakwe wanakuja Jumamosi kumaliza mahari ya Marietha," alisema. "Wakisikia, hawaji. Na nina wengine wawili wa kike nyuma yake. Nyumba ikishatajwa kifafa, dada, hakuna anayepiga hodi. Filipo mwenyewe aliniapisha. Alificha hata dawa. Aliziweka kwenye debe la unga, watoto wasizione. Alipokwenda huko Nduguti aliziacha makusudi, kwa sababu alijua atalala chumba kimoja na Mwalimu. Nilimwambia zifunge kwenye soksi. Akasema Mwalimu ana macho." Aliuachia upindo wa khanga. "Nilipomwosha niliuona ulimi wake. Nilijua. Nikanyamaza, kwa sababu yeye angetaka ninyamaze."

Hapo Redempta, aliyekuwa hajasema neno tangu aingie, alitoka kwenye kiti akakaa chini sakafuni mbele ya Ritha, mkubwa mbele ya mdogo, jambo ambalo halifanywi. Akamweleza. Hakupunguza. Alitaja vigoda, maganda, khanga, bega. Alipofika kwenye povu, Ritha alimkatiza.

"Ukaenda kunawa?"

"Nikaenda kunawa."

Kule nje mtu alicheka kidogo, akanyamazishwa. Ritha alimtazama yule mama, na Asnath, aliyekuwa tayari kuinuka kumzuia, aliona kwamba hapakuwa na hasira ya kuzuia. Palikuwa na huzuni tupu.

"Mimi nililifuta kwa upande wa khanga niliyovaa," Ritha alisema. "Miaka yote ya ndoa yetu. Usiku nikisikia kitanda kinatikisika, namgeuza, namfuta, nakaa naye mpaka akili imrudie aniulize tuko wapi. Asubuhi nasonga ugali kwa mikono hii hii, watoto wanakula. Hakuna aliyepata. Si mimi, si wao. Kila mara alipoanguka nilikuwepo, mama. Siku moja tu sikuwepo, nikajua yuko kwenu, yuko mahali salama."

Machozi yalimdondoka Redempta, akayaacha yaanguke mapajani.

Ritha alimwita binti yake. Marietha aliingia, akasimama mlangoni akiwatazama mmoja mmoja, na ilionekana kwamba alikwisha kuelewa kuna kitu chake kinavunjika. Mama yake alimwambia ampigie simu shangazi, amwambie awaambie wakwe wasije Jumamosi. Waje siku nyingine, ikiwa watataka, baada ya kusikia jambo ambalo yeye anakwenda kulisema polisi. Msichana aliuliza jambo gani. "La baba yako," Ritha alisema. "Nikirudi nitakueleza, ulisikie kwangu kabla hujalisikia mnadani."

Marietha aliitikia ndiyo mama, akatoka kutafuta simu, na hatua zake zilisikika zikienda polepole upenuni.

Asnath alisema gari liko tayari, na kwamba wakiwahi, Dokta Gerald anaweza kulala nje ya mahabusu usiku huo huo. Redempta alijikongoja kutoka sakafuni. Aliposimama sawasawa alimgeukia mjane, ambaye alikuwa bado ameketi, akamnyooshea mkono wa kulia ili amsaidie kuinuka.

Ritha aliutazama mkono ule. Kisha akashika ukingo wa kiti, akainuka mwenyewe, akatangulia kwenye gari.